Friji Ilipozima Haneti

Ilikuwa saa mbili usiku. Chakula kilikuwa kimekwisha, vyombo vimeoshwa, na sisi akina mama sita tulikuwa tumekaa ndani ya gari tukijiandaa kwa sala ya jioni, mara tukasikia friji inalia: tik. Kisha kimya. Baada ya dakika moja, tik tena, na taa zote zikapepesa kama mshumaa uliopulizwa. Kijitaa chekundu kilichoko mbele ya friji kikaanza kuwaka na kuzima.

Kwa familia nyingine friji ikizima usiku mmoja ni hasara ya maziwa na nyama. Kwetu haikuwa hivyo. Ndani ya friji ile kulikuwa na chupa za insulini za Bibi, mwenzetu mwenye umri mkubwa kuliko wote, ambaye hujichoma sindano kila asubuhi na jioni kwa ajili ya kisukari. Tulikuwa tumebeba dawa ya safari nzima, kwa sababu katika vijiji tulivyokuwa tukienda hatukutaka kutegemea bahati.

Tulikuwa Haneti, katika wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Wanaosafiri kati ya Dodoma na Kondoa wanapafahamu. Barabara hiyo ni kipande cha ile njia ndefu iliyoitwa tangu enzi za ukoloni Njia Kuu ya Kaskazini, na tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipokamilika mwaka 2018, wenyeji wameyazoea magari ya wageni wanaosafiri kutoka upande mmoja wa Afrika hadi mwingine wakiwa wamebeba nyumba zao mgongoni kama konokono. Ndani ya magari hayo mna kitanda, jiko, maji, taa na friji.

Gari letu si la kifahari namna hiyo. Ni basi dogo lililobeba abiria miaka mingi mpaka likachoka. Umoja wetu wa akina mama ulilinunua likiwa kuukuu, viti vikang'olewa, vikawekwa vitanda vinne vya kukunja, jiko la gesi, tangi la maji lenye pampu, taa, inverta ndogo na friji ya lita 40. Juu ya paa zimefungwa paneli mbili za sola, kila moja ya wati 150. Tunaposafiri kufundisha malezi na afya ya mama na mtoto, wanne hulala ndani na wawili hulala kwa wenyeji. Siku hiyo tulikuwa tumetoka Itiso kwa barabara ya vumbi, tukiwa tumerushwa-rushwa mpaka mifupa inauma.

Kijana wetu dereva alifunua kiti kinachofunika betri, akatazama, akatikisa kichwa. "Mama zangu, betri imekufa," akasema. "Hakuna dawa ila kununua nyingine."

Alijaribu kuwasha inverta ili atuonyeshe. Ikapiga mlio, ikazima. Basi tukaamini wote. Mama Mhazini alifungua mkoba, akahesabu fedha ambazo umoja ulikuwa umezichanga kwa miezi saba, tena si kwa ajili ya betri. Zilikuwa za kuwanunulia sare watoto wa shule katika kijiji tulichokuwa tunakwenda. Alfajiri kijana akapanda basi la kwanza liendalo Dodoma na bahasha ile mfukoni.

Mama mwenyeji na mtungi wake

Kabla hatujaeleza yaliyotokea asubuhi, tuseme kwanza jinsi dawa ilivyolala, kwa kuwa mama mwenye mgonjwa nyumbani atakuwa anajiuliza.

Mwenyeji wetu, mama wa Kigogo ambaye tulikuwa tumeegesha uani kwake, alisikia minong'ono akaja. "Mbukwenyi," akatusalimu, kisha akauliza shida ni nini. Tulipomweleza, akatoa mitungi miwili ya udongo, mdogo ukaingia ndani ya mkubwa. Katikati akajaza mchanga, akaumwagia maji mpaka ukalowa. Chupa za insulini tukazitia katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, tukaziweka ndani ya mtungi mdogo, juu tukafunika kitambaa kibichi. Mtungi ukawekwa mahali penye kivuli panapopita upepo.

Njia hii hufaa sana nchi kavu kama Ugogo, maana maji yanayokauka kwenye ngozi ya mtungi huondoka na joto. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, haisaidii sana. Mtungi haugeuki kuwa friji, lakini hupunguza joto nyuzi kadhaa, na hilo tu lilitupa utulivu.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Chupa ambayo imeanza kutumika inaweza kukaa nje ya friji kwa muda wa wiki nne hivi, mahali pasipo joto kali wala jua, kama karatasi ya dawa yenyewe inavyoeleza. Tena mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza matokeo ya uchunguzi uliohusu hali ya joto katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya. Waliona kwamba insulini iliyokaa katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu karibu sawa na ile ya kwenye friji. Kwa hiyo usiku mmoja wa friji kuzima si sababu ya kuitupa dawa. Muulize mhudumu wa kliniki yako aina yako inaruhusu nini. Kinachoharibu insulini kabisa ni kuganda. Ikigeuka barafu haifai tena hata ikiyeyuka, hivyo usiiweke karibu na barafu wala kwenye kigandishio.

Bibi mwenyewe alilala usingizi mzito. Sisi wengine hatukulala.

Mwalimu anaomba mita

Kulipopambazuka, mwenzetu mmoja aliyewahi kufundisha fizikia sekondari, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alisema jambo lililotuudhi kidogo. "Tumeomba usiku kucha, na ni vema. Lakini hakuna kati yetu aliyepima kitu chochote." Ni kweli. Tuliangalia taa zinapepesa, tukatoa hukumu. Ni kama kumwona mtoto ana homa na kumpa dawa ya malaria bila kupima damu.

Pale senta yuko kijana anayetengeneza redio na simu. Mwalimu alimwendea akamwomba mita, kile kipimio kidogo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Si chombo cha bei kubwa, ni kama bei ya kanga au chini yake. Tukazima kila kitu ndani ya gari. Akageuza kitufe kwenye volti za umeme wa betri, akagusisha waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya na mweusi kwenye kichwa cha hasi.

Mita ikasoma 12.5.

Huenda namba hiyo haikuambii kitu, kama ambavyo haikutuambia sisi. Betri ya kawaida ya maji ya asidi iliyopumzika saa kadhaa, isiyochajiwa wala kutumika, ikiwa imejaa husoma 12.7 hivi. Ikiwa nusu husoma 12.2. Ikishuka mpaka 11.8 imekwisha, na kuiacha hapo siku nyingi ndiko kuiua. Kwa hiyo betri yetu, iliyosemekana imekufa, ilikuwa imejaa zaidi ya nusu, tena kabla jua halijapanda.

"Mpigieni kijana," Mama Mwenyekiti akasema. "Asinunue!"

Hapo ndipo tulipogundua uzembe mwingine. Simu zetu zote huchajiwa kwa inverta, na inverta ilikuwa imezima tangu jana. Simu tano zilikuwa zimekufa kabisa. Iliyobaki ni kitochi cha Bibi, ambacho hukaa na chaji siku nne, na ambacho tumekuwa tukimtania nacho safari nzima. Kijana hakupokea mara ya kwanza wala ya pili. Basi lilikuwa bado njiani na bila shaka redio ilikuwa juu.

Maji yaliyomwagika njiani

Tukaendelea na kazi huku Mama Mhazini akirudia kupiga.

Lakini namba ya betri iliyopumzika haitoshi. Kuna betri husoma vizuri ikiwa imekaa, na ukiitwisha mzigo inaanguka. Kwa hiyo Mwalimu alitaka mzigo wa kudumu. Friji haikufaa, kwani ilikuwa inajaribu sekunde chache na kukata. Katika sanduku la vipuri tulikuwa na balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, ambayo hula umeme unaokaribiana na wa friji. Aliiunganisha pale pale friji inapochomekwa, ikawaka, lakini kwa rangi ya chungwa badala ya kuwa nyeupe. Kisha akapima mahali pawili.

Kwenye betri: 12.3. Kwenye tundu la friji: 10.1.

Alitutazama kama anavyowatazama wanafunzi. "Mmetoka kisimani na ndoo imejaa," akasema, "mmefika nyumbani ndoo ni pungufu. Mtalaumu kisima?" Mama mwenyeji, ambaye amebeba ndoo za maji maisha yake yote, ndiye aliyejibu kwanza: ndoo imetoboka, au maji yamemwagika njiani.

Volti 2.2 zilikuwa zinapotea kati ya betri na friji. Na hapa ndipo tulipoelewa ile tik. Friji za betri zimetengenezwa ili zijikate zenyewe umeme ukishuka sana, kwa kawaida karibu na volti 10 na nusu, ili zisiimalize betri. Friji yetu ilikuwa inawaka, inavuta umeme, volti zinaporomoka njiani, yenyewe inadhani betri imekwisha, inajizima. Baada ya dakika inajaribu tena. Taa nazo, kwa kuwa zinatumia njia ile ile, zinapepesa kila friji inapojaribu. Hata inverta ilikuwa inadanganyika vivyo hivyo.

Umeme wa betri una njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Wengi wetu tunaangalia waya mwekundu tu, wa kwenda. Mwalimu akaacha balbu inawaka, akagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na ncha nyingine kwenye chanya ya tundu la friji. Ikasoma 0.2, ambayo haina neno. Akahamia upande wa hasi, betri mpaka tundu la friji. Ikasoma 2.0. Mwizi alikuwa kwenye njia ya kurudi.

Katika magari njia ya kurudi mara nyingi si waya mtupu. Waya mweusi unafungwa kwa boliti kwenye chuma cha gari, na chuma chenyewe kinapeleka umeme mpaka kwenye betri. Mafundi wanaiita ethi. Tulifuata waya mweusi kutoka kwenye betri ukashuka sakafuni, ukatokea chini ya gari karibu na gurudumu la nyuma. Mwenzetu mwembamba kuliko sote alitandika gunia akaingia chini. Boliti ilikuwa imelegea, imezungukwa na kutu na tope lililokauka la masika yaliyopita. Alipoigusa, balbu ikiwa bado inawaka, alisema ni ya uvuguvugu. Umeme uliopotea ulikuwa unapasha moto kutu.

Wakati huo huo Mama Mhazini akapiga kelele za furaha. Kijana alikuwa amepokea. Alikuwa dukani, bahasha mkononi.

Pete, pua na mwali wa moto

Kazi ya kurekebisha haikuchukua nusu saa, lakini kabla ya kushika spana Mwalimu alitufanya tuvue kitu ambacho baadhi yetu hatujakivua tangu siku ya harusi.

Pete ikigusa kichwa cha chanya na wakati huo huo spana au chuma cha gari, umeme wote wa betri unapita kwenye kidole. Volti 12 hazikurushi kama umeme wa nyumbani, ndiyo maana watu huzidharau, lakini zinaweza kuifanya pete iwe nyekundu kama kaa la moto kabla hujaweza kuivua. Vua pete, saa na bangili, mpe mtu mzima akushikie. Mume wako ataelewa.

Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Usichungulie betri kwa kibiriti, kibatari wala mshumaa, na usiiweke katika chumba wanacholala watoto bila tundu la kupitisha hewa. Asidi ikirukia ngozi au jicho, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, na kwa jicho nenda hospitali mara moja. Na usiguse kabisa nyaya za upande wa volti 230, yaani zile zinazotoka kwenye inverta au zinazoingia kutoka kwenye nguzo. Huo unaua. Mwachie fundi umeme aliyesomea.

Tulifungua kwanza waya wa hasi kwenye betri. Ndiyo kanuni: hasi hutangulia kutoka, na hasi huwa ya mwisho kurudi. Kisha tukaifungua boliti kwa spana namba 13, tukasugua chuma cha gari na kikombe cha waya kwa msasa mpaka vikang'aa, tukaweka washa mpya yenye meno, tukakaza kwa nguvu zetu zote, na juu tukapaka grisi kuzuia maji. Tulipopima tena, zile 2.0 zilikuwa 0.1. Kwenye tundu la friji 12.0. Balbu ikawa nyeupe. Tukachomeka friji, ikalia tik, na safari hii ikafuatiwa na mngurumo.

Mama mwenyeji alipiga vigelegele. Majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani.

Kama ingekuwa si boliti

Katika safari zilizofuata tumekutana na hitilafu nyingine, na kwa kweli kila mara tumejaribiwa kulaumu betri kwanza.

Safari moja betri ilisoma 11.9 kila asubuhi. Hapo tatizo halikuwa njiani, lilikuwa kisimani kweli. Tulipanda juu ya paa. Tulikuwa tumeegesha chini ya mbuyu siku mbili kwa sababu ya joto, na kivuli cha matawi kilikuwa juu ya paneli mchana kutwa. Kivuli kidogo tu, hata cha tawi moja, kinaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima. Tena vumbi la Dodoma la Julai na Agosti, upepo unapovuma, lilikuwa limetanda kama unga. Kitambaa kibichi asubuhi, wakati kioo bado ni baridi, na kulisogeza gari juani, vikamaliza tatizo. Sasa watu hukaa kivulini chini ya turubai, gari linabaki juani.

Njia ya kujua kama betri inalishwa ni kuipima saa sita mchana. Jua likiwaka, betri inayochajiwa husoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma 12 na kitu, pima paneli yenyewe pale nyaya zake zinapoingia kwenye kontrola, zikiwa zimechomolewa. Paneli ya kawaida ya betri ya volti 12 ikiwa juani hutoa volti 18 hadi 22. Ukizipata hizo na betri bado hailishwi, tazama fyuzi na kontrola. Usipozipata, tazama nyaya za paa. Panya na jua huzitafuna. Ukumbuke kwamba utaratibu ni kuchomoa paneli kwanza, betri baadaye, na kurudisha betri kwanza, kwani kontrola nyingi huharibika zikipata paneli bila betri.

Fyuzi nayo usiiamini kwa macho. Tuliwahi kuwa na fyuzi nzima kabisa, lakini miguu yake imeota ukungu wa kijani. Pima pande zake zote mbili. Upande mmoja ukiwa na umeme na mwingine hauna, umempata mhalifu. Na iliyokatika usiibadilishe kwa waya au karatasi ya sigara. Fyuzi ya 15 irudi ya 15. Magari na nyumba zimeungua kwa kukosa kitu cha shilingi mia chache.

Unga mweupe au wa kibluu kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, hukaushwa, na hupakwa grisi. Betri yenye vifuniko huongezwa maji ya betri yale safi ya dukani, si ya bomba, si ya mvua, na kamwe si asidi.

Halafu liko lile tatizo ambalo si hitilafu kabisa, nalo ndilo linaloleta ugomvi majumbani. Watu wanakula kuliko wanavyopika. Betri ya ampea-saa 100 usiihesabu kuwa ni 100. Ukitaka idumu, tumia nusu yake. Friji yetu huvuta kama ampea 4 ikinguruma, na katika joto hunguruma nusu ya muda. Toka jua likizama mpaka lipate nguvu kesho yake ni saa 14, yaani ampea-saa 28. Taa nne ndogo kwa saa nne ni kama 6. Simu sita ni kama 9. Jumla 43, na tunabakiwa na akiba kidogo tu. Sasa mgeni mmoja akichomeka jagi la umeme la wati 1500 kwenye inverta kubwa achemshe chai, kwa dakika kumi peke yake anakula zaidi ya 20. Wale wanawali watano wa kwenye mfano wa Bwana hawakuwa na taa mbovu. Mafuta ndiyo yaliyopungua. Chai tunachemsha kwa gesi.

Na nyumbani kwako

Huenda mpendwa msomaji huna gari-nyumba wala hutegemei kuwa nalo. Lakini kama nyumbani kwako kuna paneli moja juu ya bati, betri chini ya meza na taa tatu, una kitu kile kile, kasoro magurudumu. Njia ni ile ile: paneli, kontrola, betri, fyuzi, waya, taa. Uliza kwanza kama kimezima kitu kimoja au vyote. Kimoja, basi tazama kitu hicho na waya wake. Vyote, rudi kwenye betri. Ipime ikiwa imepumzika, ipime ikiwa na mzigo, kisha pima mwisho wa njia. Waya mwembamba mrefu, kwa mfano wa kupeleka taa jikoni nje, hupoteza volti kama ile boliti yetu, na hautengenezeki kwa betri mpya hata ukinunua tatu. Mahali ambapo nyaya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni ndipo pa kuanzia.

Kama huna mita, balbu ya indiketa yenye nyaya mbili itakusaidia. Gusisha kwenye betri uone inavyong'aa, kisha gusisha mwisho wa waya. Iking'aa kidogo kule, umeme unapotea njiani.

Wanawake wengi tumeachiwa kazi hii kwa kusema itasubiri baba arudi. Baba anarudi saa mbili usiku, amechoka, anaiangalia kwa tochi, anasema betri. Tunasema hili bila dharau kwa akina baba wala kwa kijana wetu, ambaye alirithi kauli hiyo kutoka kwa mafundi waliomfundisha. Mama Mhazini alikuwa amemsema maneno makali kwenye simu, na jioni aliporudi alimwomba radhi mbele yetu wote.

Alirudi na bahasha kamili, kasoro nauli na fedha za vitu viwili ambavyo Mwalimu alimwagiza: pakiti ya fyuzi za namba mbalimbali na mita. Ile ya fundi redio tuliirudisha pamoja na chupa ya soda. Bibi alihamisha dawa yake kutoka kwenye mtungi akairudisha kwenye friji, akadai tusimtanie tena juu ya kitochi.

Tangu siku hiyo limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa gari daftari la kurasa 48. Anayeamka kwanza hupima betri kabla ya kuwasha chochote, huandika tarehe, mahali na namba. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja wa Haneti, 12.5, kwa mwandiko wa Mwalimu, na chini yake Kondoa, 12.6, kwa mwandiko wa kijana wetu dereva.